Mashine Iliyokwenda Kushoto

Mke wangu alikuwa amenishika mkono wa kulia, na mimi nimesimama juu ya mashine, miguu miwili kwenye kibao, kifua mbele kama bwana harusi. Nilikwisha kuelezwa namna ya kuiendesha: ukiegemea mbele inakwenda, ukiegemea nyuma inasimama, ukilalia upande inakata kona. Nikaegemea mbele kidogo tu, kiasi cha mtu anayenusa sufuria ya mwenzake. Ikaondoka. Ilikwenda vizuri kama hatua tatu hivi, halafu ikakata kushoto, ikanipeleka moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa jiko letu, ikagusa ukuta kwa adabu na kusimama.

"Mbona umekimbilia jikoni? Una njaa?" mke wangu akauliza.

"Si mimi. Ni hii mashine."

Tukairudisha katikati ya ua, tukaanza upya. Jikoni tena. Mara ya tatu alinigeuza nitazame lango, ili nipite mbali kabisa na jiko. Mashine ikanizungusha ua mzima kwa mkono wa kushoto na kunirudisha palepale nilipoanzia. Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtoka. "Umeniletea mke mwenza wa chuma," akasema, "na tayari amekushinda nguvu!" Nami nikacheka. Lakini mara ya sita nilipogonga ukuta ule, niligeuka nikamkuta amesimama, khanga ameibana kwapani, ananitazama mabega.

"Ipeleke kwa fundi," akasema, na akaingia ndani.

Ilikuwa skuta ya umeme, ila magurudumu yake mawili hayakufuatana kama ya baiskeli. Yalikaa sambamba, moja kushoto, jingine kulia, na katikati pana kibao cha kusimamia na mpini unaofika kifuani. Ukiizima unaiegemeza ukutani. Ukiiwasha, taa ya kijani inawaka na yenyewe inasimama wima, inatetemeka kidogo, inajirekebisha nukta mbele, nukta nyuma, bila kushikwa na mtu. Nilipoiona ikisimama vile kwa mara ya kwanza, niliona wivu. Mtu mzima na mvi zangu, namwonea wivu mdudu wa betri.

Niliinunua kwa mlinzi wa jumba la maduka lililofungwa. Walinzi wa pale walikuwa wakizunguka nazo kwenye vibaraza, na sasa zilikuwa zinauzwa pamoja na viti na mapazia. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kufuli tu. Mlinzi akaniona nimesimama naitazama, akasema, "Mzee, hii inajisimamisha yenyewe. Ukiipanda huwezi kuanguka." Aliendelea kueleza mambo ya chaji na mwendo wake, lakini mimi masikio yalikwisha kuziba pale kwenye neno kuanguka. Akiba yote niliyoitenga kwa ajili ya bati za paa nikaiacha mezani pake.

Sababu ni kwamba mwezi ule nilikuwa nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza bafuni, nikasingizia sabuni. Mara ya pili ilikuwa kazini, juu ya jukwaa la mbao, tofali mkononi. Dunia ilisogea upande kama mtu amevuta mkeka, na lau si shemeji yangu kunidaka shati, leo ningekuwa nasimuliwa na wengine. Nikamwambia ni kandambili. Shemeji akasema, "Ndiyo, kandambili hizi mbaya," akaendelea na kazi. Hakuniuliza kwa nini siku ile nilikuwa nimevaa buti.

Mimi ni mwashi. Niseme, nilikuwa. Kwa miaka thelathini na mmoja nimejenga nyumba za watu, maghala, shule, vyoo, makaburi, na katika kazi hiyo watu walisahau jina nililopewa na wazazi wangu. Waliniita Jicho. Waashi wengine wakiinua ukuta huning'iniza timazi, ule uzi wenye chuma kizito mwishoni, ili uzi uwaonyeshe wima uko wapi. Mimi nilirudi nyuma hatua nne, nikafumba jicho moja, nikasema, "Gonga tofali la tatu, kulia, kidogo tu." Mainjinia wamewahi kunibishia, wakaleta vipimo vyao vyenye vioo na maji ndani, wakapima, wakavifungasha tena. Basi nikavimba kichwa. Timazi nilimpa mtu, hata simkumbuki nani. Ukiniuliza kosa langu liko wapi, ni hapo.

Shemeji huyu ni mdogo wake mke wangu. Alikuja kwangu hajui hata kushika mwiko, nikamwanzisha kuchanganya saruji, akapanda taratibu mpaka tukawa tunajenga ubavu kwa ubavu. Miaka ishirini. Si msemaji. Ukimsalimia asubuhi unaweza kulipata jibu saa nne. Kipindi hicho tulikuwa tunajenga shule ya chekechea, na ukuta uliobaki ulikuwa ule mrefu wa mwisho wa ukumbi, unaopanda mpaka kwenye ncha ya paa. Kwa desturi yetu mimi niliondoka alasiri, yeye akabaki kuosha vyombo na kufunika kazi. Ndivyo nilivyoamini. Asubuhi sikuutazama tena ukuta wa jana, maana Jicho hakagui kazi yake mara mbili.

Siku ya pili ya umiliki wangu, nilipotoka kazini alasiri, nilimpelekea mashine mama mmoja anayetengeneza viti vya magurudumu karibu na hospitali. Niliikokota njia nzima, maana kuipanda ningefika kwingine. Kibanda chake kilikuwa kimejaa matairi madogo na betri. Nikamwambia kwa ukali wangu wa siku zote, "Mama, hii imepinda. Inavuta kushoto. Nimeuziwa kibovu."

Hakubishana. Aliiweka juu ya sakafu, akaiwasha, akaiacha. Ikasimama. Akaipanda mwenyewe, mwanamke mnene na aproni yake yenye mafuta, akaenda mpaka mlangoni na kurudi kwenye mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Akashuka.

"Panda wewe."

Nikapanda. Sikuegemea popote, wallahi. Nilisimama wima kabisa, nikijichunga kama mwanajeshi gwarideni. Mashine ikaanza kunizungusha kushoto, polepole, mpaka kiwiko changu kikagusa rafu ya betri.

"Unaona?" nikasema kwa ushindi.

"Naona," akasema yule mama, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mzee, mashine haina kosa. Inakwenda unakolalia."

"Mimi nimesimama wima!"

Akaniambia nishuke nisimame mlangoni, nimtazame. Akatoa simu, akanipiga picha, akanipa niangalie. Nimetazama vitu vingi maishani kwa jicho hili, lakini sijawahi kutazama kitu kama picha ile. Fremu ya mlango ilikuwa imenyooka. Ndani yake amesimama mwanamume amelala kushoto, bega moja limeshuka, kichwa kimefuata bega, na uso wake umejaa uhakika. Nikapima kwa mazoea. Vidole vitatu nje ya wima. Kama angekuwa ukuta ningeamuru avunjwe.

"Nenda hospitali, mzee," akasema. "Hata leo."

Hospitali nilikwenda baadaye, na daktari akanieleza kwa upole kwamba kuna mahali kichwani panapomwambia mtu juu ni wapi na chini ni wapi, na kwamba pangu panakufa, na hapafufuki. Ila siku ile miguu haikunipeleka hospitali. Jambo moja tu lilinikaa kichwani: ule ukuta wa chekechea. Kama nimelala vidole vitatu mimi mwenyewe na sijui, je, ukuta nilioinua kwa jicho hili umelala kiasi gani? Nikawaona watoto wamepanga viti vyao vidogo chini yake. Nikaiacha mashine kwa yule mama, nikaondoka mbio, mbio za mtu anayeyumba, watu wakinipisha njiani kama mlevi. Lolote na liwe, nilijiambia. Nitauangusha kwa mikono yangu. Nitamwambia msimamizi kwamba nimekwisha.

Jua lilikuwa bado lipo nilipofika. Vibarua walikwisha kuondoka. Shemeji yangu alikuwa peke yake juu ya jukwaa, mgongo kwangu, na miguuni pake yalikuwa yamepangwa matofali. Yalikuwa matofali yangu ya siku ile. Aliyang'oa saruji ikiwa bado mbichi, akayakwangua safi, na sasa alikuwa akiyarudisha ukutani moja moja. Mbele yake alikuwa amening'iniza timazi.

Nikautazama ule uzi. Niliona umepinda. Umelala kulia, na ukuta umelala kulia pamoja nao, na karibu nifungue mdomo nimkaripie: shemeji, uzi wako umepinda! Ndipo akili ikanirudia. Uzi wenye chuma kizito mwishoni hauna mahali pa kupindia. Hakuna upepo, hakuna aliyeushika. Uzi ulikuwa sawa, ukuta ulikuwa sawa, na dunia nzima iliyobaki ilikuwa sawa.

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kuukuta ukuta mbovu. Ukuta mbovu ningeuweza. Huu ulionyooka sikuuweza, nikakaa juu ya ndoo.

"Shemeji," nikaita.

Hakushtuka. Aliweka mwiko chini taratibu, kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo kwa muda mrefu.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu zahanati."

Zahanati tuliimaliza mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Siku ya kuifungua walinipa kiti cha mbele, wakanishika mkono mmoja mmoja. Nami nilitoa nasaha. Niliwaambia mafundi vijana kwamba jicho halinunuliwi dukani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na ndoo yangu.

Nikauliza lile nililokuwa naliogopa. "Dada yako anajua?"

Shemeji alitazama mikono yake iliyokauka saruji. Zaidi ya mwaka mmoja na miezi miwili aliirudia kazi yangu kila siku, baada ya kumaliza yake, na kufika kwake amechelewa, na kesho yake kunisikia nikijisifu.

"Yeye ndiye aliyeniomba," akasema.

Nyumbani mke wangu aliniwekea maji ya kuoga na chakula. Hakuuliza mashine iko wapi. Nilikaa nikamwangalia anavyopita kati ya jiko na chumba, nikahesabu asubuhi zote alizonifunga vifungo vya shati akinisukuma bega kulia kidogo, kidogo tu, mimi nikidhani ni mapenzi.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nikuambie uwe nani?" akajibu, na akageuza uso wake ukutani.

Sikumlaumu. Mpaka leo, mwaka wa tano huu, simlaumu, na hilo ndilo linaloniuma, kwa kuwa hasira ingenipa kitu cha kushika.

Usiku kucha nilipanga maneno. Asubuhi nilikwenda kazini nimevaa shati safi, nimeamua: nitasema mbele ya wote, nitaje jina la shemeji, ukuta apewe mwenyewe aliyeujenga. Nikakuta msimamizi amekuja na mwalimu mkuu wa chekechea na wazazi kama kumi hivi, wamekuja kuuona ukumbi kabla ya kuezeka. Vibarua wamejipanga pembeni. Shemeji yuko chini ya ukuta, anakwangua mwiko ambao tayari ulikuwa safi.

"Ahaa, mwenyewe huyu!" msimamizi akapaza sauti. "Wazazi, huyu ndiye Jicho niliyewaambia. Hapimi kwa chochote. Haya Jicho, tuambie, watoto wetu wakae chini ya ukuta huu?"

Watu wakacheka kwa furaha, wakanifungulia njia. Nilirudi nyuma hatua nne. Nikafumba jicho moja, maana mwili ulikwisha kuzoea. Na ule ukuta, niliojua umenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kujenga, niliuona umelala kulia, mzima mzima, unawaangukia. Mama mmoja alikuwa amembeba mwanawe chini yake pale. Kila kitu ndani yangu kilitaka kupiga kelele atoke.

Nikamtazama shemeji. Alikuwa ameacha kukwangua. Hakunitikisia kichwa, hakunipa ishara, alinitazama tu kwa macho mekundu ya mtu asiyelala vya kutosha. Yale maneno niliyoyapanga usiku kucha yalikuwa mdomoni, na watu kumi na wawili wanasubiri.

"Umenyooka," nikasema.

Wakanipigia makofi.