Kundi la Kartie Linakuja Kula

"Weye ndiye unawaita," Papa Tharcisse alisema, mikono juu ya lupango, ua wa matete unaotenganisha parseli zao. "Kila jioni wanapita kwangu kama vile kwangu ni barabara."

"Wanapita kwako sababu mulango yangu iko upande wako," Mama Domitille alijibu huku akisonga fufu. "Na mimi sikuita mutu. Niliandika tu karibuni."

Hiyo ni kweli. Wakati kundi la WhatsApp la kartie, majirani wa mtaa wa Lumumba, lilikuwa moto, kila mtu alituma jioni picha ya sahani yake na kuandika "Karibuni". Baadaye wengine walihamia Kampala, wengine Butembo, wengine walinyamaza tu. Mama Domitille aliendelea kutuma peke yake, fufu na makayabo, wale samaki wa chumvi, mpaka juma lililopita walipoanza kuja.

Wanakuja vile walivyo kwenye picha zao za profil, wamekatwa kifuani. Joëlle anafika na gauni la harusi ya zamani. Vahwere hakuwahi kuweka sura yake, kwa hiyo anakuja akiwa ua la waridi. Wanarudia mizaha yao, wanacheka palepale walipochekaga. Sahani zinabaki zimejaa, ila makayabo yanaisha chumvi yote. Joëlle mwenyewe, alipopigiwa simu kule Kampala, alisema ndiyo, jioni anasikia chumvi mdomoni, akauliza ni nani mwingine anayekuja.

Falone peke yake anabaki nje. Anafika pamoja na wenzake, halafu mlangoni anakwama kama kwenye kioo. Mwaka ule wa vurugu, mtu aliandika kundini kwamba Falone ndiye aliyewaonyesha wenye silaha njia. Hakuna aliyeuliza alijuaje. Papa Tharcisse, ndiye administrateur, msimamizi wa kundi, alimtoa jioni ileile. Falone akahama na watoto. Tangu hapo watu walianza kupima maneno, kisha wakaacha kuandika.

"Umurudishe kwa kundi," Mama Domitille alisema. "Ni kidole tu. Nataka akule kwangu kama zamani. Si ni yeye alilala kwako wakati bibi yako alizaa?"

"Ni yeye."

"Na ile maneno ilikuwa uongo."

"Najua."

"Sasa?"

Papa Tharcisse alitazama mlango. Falone alimpungia kichwa, kwa sababu picha yake haina mikono.

"Nikimurudisha," alisema polepole, "watauliza juu ya nini nilimutoa."

Uani, Joëlle alikuwa ameanza ile habari ya mbuzi aliyepanda gari la bibi harusi, na shingo ya Papa Tharcisse ilirefuka yenyewe.

"Zamani tuliishi muzuri," alisema.

Akazunguka kwa njia ya mlango. Alisimama mbele ya Falone, akamuuliza habari ya watoto. Falone alijibu kwamba mdogo ameanza shule, jambo lililokuwa kweli mwaka ule. Papa Tharcisse alisema ni vizuri, akampita, akavuka.

Mama Domitille alimwekea kiti kinachoangalia mlango.

"Ingia basi, Papa Tharcisse," alisema. "Nawa mikono, ukule. Fufu inapoa."