Waliolala Usiku wa Kuamkia Leo

Mdadisi alifika nyumba ya kumi na nne saa tatu asubuhi, dodoso la afya kwapani na mizani ya watoto begani. Ilikuwa nyumba ya mdogo wake, mwenye mimba ya miezi minane na miguu iliyovimba hadi kandambili zimegoma kuingia. Akavuta kigoda, akauliza kana kwamba hawakunyonya ziwa moja:

"Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?"

"Mimi, shemeji yako na watoto watatu."

Watoto walikuwa watatu kweli, wamekaa mkekani. Mkubwa alikuwa hai. Wawili walikufa kwa kuhara mwaka juzi, wiki moja, mafuriko yalipoingia kisimani, na tangu hapo walirudi nyumbani kama watoto wengi wa kijiji kile. Wangekwenda wapi? Kwao ni hapo.

"Niwaandike marehemu," mdadisi alisema kwa sauti ya chini. "Nisikilize, mdogo wangu. Dawa na mkunga hupelekwa wanakokufa watu. Nimeambiwa wa hapa wanataka kumhamisha, na wewe umebakiza mwezi."

"Uwaandike marehemu huku wanakusikia?"

Yule wa kike, wa miaka mitatu tangu mwaka juzi, akainua uso. "Mama mkubwa, mimi nililala. Nililala upande wa ukutani."

Roho ilimuuma mdadisi. Alishindwa, kama alivyoshindwa katika nyumba kumi na tatu za kabla ya hapo. Akaandika watano, kisha akawapima watoto. Wale wawili walikuwa na uzito uleule wa siku waliyozikwa, wala gramu haikupungua.

Ofisini, msimamizi alipiga mahesabu huku akipuliza chai. Hakuwa mtu mbaya. Alimmiminia mdadisi naye kikombe.

"Vifo vya watoto, sifuri. Waliopungua uzito, hakuna. Hongera sana."

"Bosi, karibu nusu ya hao wamekufa."

"Walilala hapo?"

"Walilala."

"Sasa shida iko wapi? Mimi mwenyewe namwandika mama yangu, mwaka wa sita huu. Dodoso linauliza nani alilala. Halikuuliza mengine."

Basi kijiji kikapewa cheti cha afya bora. Mkunga, aliyekuwa akija kila Alhamisi kwa pikipiki, akapelekwa kijiji kingine ambako marehemu hawarudi na hali inaonekana kuwa mbaya. Cheti kikatiwa fremu, kikatundikwa kwenye mlango wa zahanati, juu kidogo ya kufuli.

Mwaka uliofuata mdadisi alifika nyumba ya kumi na nne saa tatu asubuhi. Shemeji yake alikuwa uani anafua nepi, amekonda, akamwitikia salamu bila kugeuka. Mdogo wake alikuwa ndani, mkekani, na kichanga kifuani. Miguu yake ilikuwa imenywea, kandambili zilimwenea vizuri. Walikuwa wamemzika mwezi wa tano wa mwaka uliopita, yeye na kichanga chake, kaburi moja. Alikuwa amepelekwa kwa baiskeli akajifungue, na hawakufika mbali.

"Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?" mdadisi aliuliza.

"Mimi, shemeji yako na watoto wanne." Mdogo wake akamfunika mtoto masikio. "Lakini, dada, safari hii niandike marehemu. Na watoto pia, nimeshaongea nao, wamekubali. Mke wa jirani ana mimba ya miezi saba, na miguu yake nimeiona."

Yule wa kike akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amejisogeza mbali na ukuta ili aonekane vizuri.

Mdadisi akaishika kalamu muda mrefu. Kisanduku cha waliofariki kilikuwa kitupu, kipana vya kutosha. Akamtazama mdogo wake, shati alilomnunulia, nywele alizomsuka mwenyewe siku ya mazishi, namna alivyokuwa akimfunika mtoto masikio ili asipate baridi. Alijaribu. Mkono ulikataa katakata.

Akaandika sita.

"Dada," mdogo wake alisema taratibu.

"Nipe mtoto nimpime," mdadisi alisema, akaitundika mizani kwenye boriti.