Pipa la Kona ya Jikoni

Mvua ikianza, mimi hulisikia pipa kabla ya bati. Liko upande wa pili wa ukuta, kwa jirani yangu mshonaji, na matone ya kwanza huligonga polepole, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Likishaingia maji, sauti inakuwa nzito. Huwa naacha ninachofanya jikoni, nasikiliza, na najuta.

Pipa lile lilikuwa letu. Mume wangu alikuwa fundi bomba, na nyumba yetu ilikuwa ushahidi tosha kwamba mganga hajigangi. Bomba la jikoni lilikuwa likivuja tangu kifungua mimba wetu anajifunza kutembea. Mvivu hakuwa. Alikuwa na mipango, na mtaa mzima ulimwita Bwana Ramani. Maji yakipotea aliumia kweli. Mvua ikiporomoka kutoka paani kwetu hadi mtaroni, halafu jioni mimi nifungue bomba kumwagilia mboga za nyuma ya nyumba, alisimama mlangoni akatikisa kichwa kama aliyeibiwa. Kisha alichora. Alichora nyuma ya kalenda, juu ya boksi la viatu, hata kwa kidole kwenye vumbi la kabati: tangi la saruji chini ya ua, magata ya kukinga mvua kuzunguka paa lote, maji ya kuogea yachujwe yarudi bustanini.

"Tukianza, tuanze kweli," alikuwa akisema.

"Haba na haba hujaza kibaba," nilimjibu, huku nikisogeza bakuli chini ya lile bomba. Nilimtania mbele za watu, lakini moyoni tangi lile nilikuwa nimelipenda. Nilishajua hata mahali nitakapoweka ndoo.

Miaka ikaenda. Moyo wake ukaanza kumsumbua, daktari akamkataza kazi nzito, naye akawa wa kukaa kibarazani, kimya, mikono mapajani. Ile mikono isiyo na kazi ilinitia huzuni kuliko ugonjwa wenyewe.

Asubuhi moja nilirudi sokoni nikamkuta kwenye kona ya jikoni, amekaa juu ya kigoda, jasho linamtoka. Juu ya kichwa chake kulikuwa na kipande kimoja cha gata, hakizidi urefu wa kitanda. Chini yake, pipa la bluu lililooshwa likang'aa, mdomo umefungwa kitambaa cha kuzuia majani. Ndani, bomba lilikuwa kimya. Alikuwa amebadilisha mpira wake.

"Nimefikiri," alisema. "Mwaka huu tufanye haya tu. Bomba lisivuje, na mboga zinywe mvua. Mwakani, tukijaliwa, tutashika kona nyingine."

Akanitazama, akingoja.

Kikapu kilikuwa kizito, na goti langu lilikuwa limeniandama njia nzima. Nikacheka. "Baba watoto, miaka yote hii ya tangi, kumbe nilikuwa nangoja pipa?"

Ulikuwa utani. Ndivyo tulivyoishi, nikimchokoza, akinichokoza. Naye alicheka. Aliligusa pipa ubavuni, akasema, "Kweli, ni kidogo."

Kesho yake alimpa mshonaji lile pipa. Akachukua jembe, akapima hatua uani, akaanza kuchimba. Nilimwona kupitia dirishani. Nilipaswa kumzuia, lakini nilikuwa sijamwona na uso ule wa furaha siku nyingi, basi nikampelekea chai. Akanionyesha kwa kidole ukuta utakapopita, na mimi nikasimama pale, nikaliona tangi.

Shimo lilifika magotini. Tulimzika kabla ya mvua.

Daktari aliniambia moyo ule ulikuwa umechoka zamani, shimo au bila shimo. Ni mtu mwema, nilimshukuru, lakini sikumwamini. Na hata ningemwamini, lipo lile la pipa, ambalo daktari halijui. Mimi niliyeimba haba na haba miaka yote, haba ilipoletwa mlangoni kwangu, niliicheka.

Shimo wanangu walilifukia. Mvua ikikatika, mshonaji hunipitishia ndoo juu ya ukuta. "Mama, pokea maji ya mzee." Aliwahi kutaka kunirudishia pipa, nikamwambia akae nalo, alipewa kwa mkono wa mwenyewe.

Lile gata lakini bado lipo. Hakuna aliyekumbuka kuling'oa. Kila mvua linamwaga maji palepale alipoyaelekeza, na ardhi imechimbika kidogo mahali pipa liliposimama. Mvua hizi za juzi nilitoa beseni la kufulia nikaliweka pale. Likijaa nalimwaga kwenye mboga, nalirudisha, goti likilalamika. Watoto wakipiga simu wanauliza kwa nini wasininunulie tangi. Nawaambia mwaka huu hili tu.

Kweli, ni kidogo.