Herufi Sita za Mwisho

Taa ya kile kifaa cha kuchomekea memori kadi ilikuwa bado inapepesa Vitus alipoichomoa kadi ya Mzee Liberatus. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Taa ikipepesa, kompyuta bado inanakili. Vitus anajua. Duka ni lake, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Lakini nje lori lilikuwa linapiga honi. Hapa Ilula dereva akisimama kununua nyanya anakaa dakika kumi, na ndani ya dakika hizo anataka nyimbo za kumfikisha Mbeya. Kifaa chetu ni kimoja. Vitus akachomeka kadi ya dereva, akamjazia nyimbo, ndipo akairudisha ya mzee na kubonyeza iendelee.

"Ishaingia hiyo," akaniambia. "Futa kadi, mjazie nyimbo za kwaya kama alivyotaka."

Kwenye kadi ile kulikuwa na video moja. Marehemu Verediana, mke wa mzee, amekaa kitandani wiki mbili kabla ya kufa, anawaaga watoto wake saba kwa Kihehe, mmoja mmoja kwa jina. Mzee alitaka iwekwe kwenye flashi, ionyeshwe nyumbani Jumamosi baada ya kuweka msalaba kaburini.

Njia ya kujua kama imeingia nzima nilikuwa nayo. Ezron, fundi kompyuta wa Mbeya, alinielekeza kwa simu jinsi ya kuweka programu ya kukagua mafaili. Haina picha wala vitufe. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri na jina la faili, inakupa mstari mrefu wa herufi na namba. Faili likiwa lilelile, mstari ni uleule. Kikipungua hata kipande kidogo, mstari wote unabadilika. Siku ya kwanza ilinikatalia mara nne kwa sababu niliiweka kwenye folda isiyo yake. Baadaye Vitus akaifuta mara mbili, eti inachelewesha wateja, na mara zote mbili nikairudisha. Kila kadi iliyoingia niliikagua kwanza, nikaandika kwenye daftari herufi sita za mwisho.

Nikakagua video iliyoingia kwenye kompyuta. Nikatazama daftari.

"Hazilingani," nikasema. Sauti yangu huwa haifiki mbali.

"Nini?"

"Herufi. Za kwenye kadi na za kwenye kompyuta."

"Yusta, wewe na hilo dude lako. Futa, watu wanangoja. Au unataka uje ukae kwenye kiti changu?"

Wateja wakacheka. Nikafuta.

Jumatatu Mzee Liberatus alirudi. Hakusalimia, yeye ambaye kila akipita hapa husema kamwene hata kwa mbuzi. Aliweka flashi juu ya kaunta.

"Imeishia kwa mtoto wa nne," akasema. "Picha ikaganda. Marta ni wa mwisho. Ametoka Igawa, amekaa mbele ya televisheni anangoja mama yake amtaje. Nipeni kadi yangu ilivyokuwa."

"Mzee wangu, pole sana," Vitus akasema haraka. "Kadi ilishafutwa. Ni huyu binti. Aliishia darasa la tano, mambo ya mashine yanampita. Amebonyeza tu."

"Bosi, nawe umempa usukani mtu asiye na leseni," akadakia mteja mmoja.

Darasa la tano. Asubuhi ileile Vitus alikuwa ameniita nimtafutie faili lake lililompotea, na nililipata kabla hajamaliza chai. Kila anachokiharibu kwa haraka zake hukitundika kwenye darasa langu la tano, nami husimama nikiangalia sakafu kama kweli ni changu. Nilitamani kumtupia ile kompyuta.

Mzee akanigeukia. Akanishika bega.

"Mwacheni," akasema. "Mtoto hakujua. Nitamlaumuje mtu ambaye hajui kusoma?"

Vitus akashusha pumzi. Niliona jinsi mabega yake yalivyolegea. Kwake yalikuwa yamekwisha, na kwangu pia yangekwisha pale pale, kama ningeendelea kuwa mjinga kwa dakika moja zaidi. Msamaha ule ulinichoma kuliko matusi yote ya duka lile.

Nikautoa mkono wa mzee begani kwangu.

"Kusoma najua, baba," nikasema, na safari hii hata wauza nyanya waligeuka. "Yeye alichomoa kadi taa ikiwa bado inapepesa. Mimi nilizisoma herufi, nikaona hazilingani. Video yako ilikuwa bado nzima kwenye kadi. Nilijua, nikafuta."