Hasara Yetu: Punda Mmoja

Kila Jumanne saa nne asubuhi, Mtunza Magazeti wa maktaba kuu hufungua jalada la mwaka wa vita, hulipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha humvutia baba yake kiti. Mwanamke huyo ana miaka hamsini na moja. Baba yake ana ishirini na mitatu, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo alipopigwa risasi darajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Magoti tu yanamsumbua."

Baba hukamua maji ya mto kutoka kwenye kofia, ndani ya ndoo iliyowekwa kwa kazi hiyo, halafu husoma. Mfagiaji ameshalalamika mara mbili kuhusu sakafu.

Gazeti la siku ile halina utata. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene: DARAJA LATEKWA. HASARA YETU: PUNDA MMOJA. Ripoti iliandikwa na Mwandishi Wetu Aliye Mstari wa Mbele, bwana ambaye mstari wake wa mbele ulikuwa baa ya hoteli, mwendo wa siku mbili kutoka darajani. Punda alipewa aya tatu na sifa kedekede. Askari mia moja na arobaini waliozama pamoja naye hawakupewa hata neno. Na kwa kuwa gazeti lilisema hakufa mtu, wasiorudi makwao waliandikwa watoro. Mama ameitwa mke wa mtoro miaka hamsini sasa, na hakuna jirani aliyewahi kumpa pole.

Mwaka huu unajengwa ukuta wa mashujaa. Atachongwa jina yeyote mwenye ushahidi wa gazeti la wakati ule, basi. Mwenyekiti wa kamati ni yule yule Mwandishi Wetu, sasa mzee wa kitambi na fimbo ya heshima, asiyejua haya ni mdudu gani.

Mtunza Magazeti alitafuta jina la baba yake ukurasa kwa ukurasa, mpaka kwenye matangazo ya sabuni. Halikuwapo. Basi akampeleka baba mwenyewe mbele ya kamati.

Mwenyekiti aliwakaribisha vizuri, akaagiza chai. Baba alifungua vifungo vya shati akaonyesha tundu la risasi. Lilikuwa limepenya hadi mgongoni, na kalenda iliyotundikwa nyuma yake ilionekana tarehe zote za wiki ile.

"Pole sana, kijana," alisema Mwenyekiti. "Kipande cha gazeti unacho?"

"Sina, mzee. Nimekuja mwenyewe."

"Hapo ndipo ulipojiharibia." Akamgeukia katibu wake. "Mimi niliandika hakufa mtu. Watu wamenisema miaka yote hii, eti mwongo. Haya, huyu hapa, kaja kwa miguu yake, anakunywa chai yangu. Andika: mtoro, amejisalimisha."

"Lakini chai yenyewe inamvuja, mzee!" alisema Mtunza Magazeti.

"Hilo si la kamati, mama. Mpeleke hospitali."

Katibu akaandika, akapiga mstari chini. Mtunza Magazeti alimtazama Mwenyekiti akichovya biskuti.

Ukuta ulizinduliwa Ijumaa. Punda alichongwa mzima mzima, masikio na yote, na Mwenyekiti akamlilia mbele ya wapiga picha.

Jumanne baba alifika kama kawaida.

"Nimetoka gazetini?"

"Umetoka, baba. Ukurasa wa kwanza."

Akasoma: MTORO WA VITA AJITOKEZA. Jina lake lilikuwa sahihi, na la baba yake, na la kijiji chake.

"Mama yako asilione hili."

"Keshasomewa na jirani. Kwa sauti, pale getini."

Baba akavaa kofia yake, akaaga. Mtunza Magazeti aliligonga gazeti muhuri, akaliweka kwenye jalada jipya, mbali na unyevu, mbali na panya, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Atakayekuja kuutafuta ukweli miaka hamsini ijayo atalikuta hapo, safi kabisa.