Herufi Tatu za Fuadi

Tangu Kismayo hadi Burgao hakuna bodi ya kifaa cha umeme iliyowahi kumshinda fundi Ishaq, na asiyesadiki amwulize Ishaq mwenyewe. Simu zilizozama, redio zilizokuwa bubu, vifaa vya sola vilivyokata roho: vyote vilimwona vikaona haya, vikafufuka. Ndivyo alivyomwambia Bi Zakiya siku ya kwanza, hata kabla ya kufungua kopo aliloletewa.

"Jina likiwemo, nitalitoa. Mimi hata maiti nikimgusa na mita ya umeme hupiga chafya."

"Mdomo huo," akasema Bi Zakiya, "ungetiwa tanga ungeshafika Lamu."

Kopo lilikuwa la biskuti. Ndani yake, imefungwa kwa kanga, ililala bodi ya kijani pana kama sinia, chipu zake zimejipanga safu safu kama mapaa ya mji wa watu wadogo waliolala. Ilitoka katika mashine ya mchezo, ile ya kabati na kioo, iliyokuwa katika duka moja mjini kabla ya vita. Bingwa wake alikuwa Fuadi, kakake Bi Zakiya. Mwaka wa tisini na moja, duka lilipovunjwa, Fuadi aliichomoa bodi akamkabidhi dadake aliyekuwa akikimbilia Mombasa. "Itunze. Jina langu limo humu, juu kabisa: F, D, I." Yeye alibaki kutafuta nafasi katika chombo kingine. Hakuonekana tena, wala picha yake haikubaki hata moja.

Sasa Bi Zakiya alikuwa amekuja kwa wiki moja kumtazama mamake, Bi Hasina, aliyekuwa haoni tena. Baada ya siku nne angerudi Mombasa.

"Nataka kuliona tu," alisema. "Niondoke nimeliona."

Ishaq akatandaza zana ukumbini, karibu na mkeka wa Bi Hasina. Akaifunga bodi kwenye televisheni ya chogo, akaitia vitufe viwili vya kengele ya mlango, akawasha. Kioo kikajaa vigae vya rangi, vimepinduka, vinatetemeka. Akapima umeme: upo. Akagusa chipu moja moja kwa kidole, kama mama anayepima homa: hakuna inayochemka. Akatangaza kwamba chipu ya kumbukumbu imekufa, akaibadilisha. Vigae vikabaki vilevile. Akatangaza nyingine imekufa. Vigae vikazidi.

"Zimekufa ngapi sasa, fundi?" Bi Zakiya akauliza. "Tuanze kutafuta sanda?"

Siku ya tatu kidole kikamteleza. Akakinusa. Harufu ya papa.

"Bi Zakiya, hii umeipaka nini?"

"Sifa, mafuta ya papa," akajibu kwa fahari. "Kila mwaka, kama tulivyovipaka vyombo vyetu vya baharini kule kisiwani Ngumi. Chumvi iliigusa? Haikuigusa!"

Na kweli haikuigusa. Shaba yote iling'aa. Lakini mafuta yale ya papa, mwaka juu ya mwaka, yalikauka yakawa ngozi nyembamba kati ya miguu ya chipu na vitundu vyake, umeme usipate pa kupita. Bodi haikuwa na ugonjwa wowote. Ilipendwa ikazidishiwa.

Bi Zakiya alipokwenda sokoni baada ya adhuhuri, Ishaq aliing'oa kila chipu, akaisugua miguu kwa mswaki na spiriti, akaufuta ukingo wa bodi kwa raba ya shule, akaianika kidogo juani. Akawasha.

Ukumbi ukawa mbingu. Mawingu ya samawati yakapita ukutani, juu ya jungu la maji, juu ya uso wa Bi Hasina aliyelala na tasbihi mkononi. Kijitu chekundu kikaruka wingu hadi wingu kikichuma nyota, na muziki ukadondoka polepole kama matone ya mvua iliyokwisha. Ishaq akasahau kupumua. Kisha orodha ya mabingwa ikapanda: AAA, BBB, CCC, herufi za kiwandani tu.

Hapo ndipo alipoitazama bodi vizuri, kwa mara ya kwanza. Haikuwa na betri. Kumbukumbu ya namna hii hushika majina umeme ukiwapo; ukikatika, yanakwenda. Jina la Fuadi lilifutika siku ileile alipoichomoa. Ishaq angeliona hilo tangu siku ya kwanza, kama angetazama kabla ya kusema.

Akaishika kengele ya mlango, akaanza kucheza.

Akaanguka. Kila kuanguka kulikuwa na filimbi yake, ndefu, ya kushuka, *fyuuu*, kisha *pu*. Akaanguka tena. Joto, ubani na mawingu vikamchukua, asijue kama yu macho au amesinzia; akaona kama kuna kijana amesimama ubavuni pake, bega kwa bega, akimwambia: sasa ruka. Akaruka. Mwishowe, alasiri ikiadhiniwa, kioo kikamwomba herufi tatu. Akaziandika, juu kabisa: F, D, I.

Bi Zakiya akaingia, kikapu mkononi. Kikapu kikamtoka. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Ndiye," akasema. "Miaka yote hii, humo koponi."

"Alikuwa amelala tu," Ishaq akasema. "Si nilikwambia? Hakuna bodi..."

"Ishaq." Bi Hasina alikuwa ameketi mkekani, macho yake meupe yameelekea kwenye kioo.

"Labeka, bibi."

"Fuadi alipokuwa akicheza, mimi nilikuwa nikimngoja nje na sahani yake. Nikiisikia filimbi ile mara moja, mara mbili, basi. Hakuwa mwangukaji mwanangu." Akainua tasbihi, kidole gumba kimebana mahali. "Leo kuna mchu, mtu mwingine kabisa, ameanguka humu mara kumi na nane. Nimemhesabia."

Bi Zakiya akaondoa kiganja kiooni. Akageuka taratibu, akakitazama kidole gumba cha Ishaq: chekundu, kimevimba, duara la kitufe cha kengele bado limejichora juu yake.

Ishaq akauficha mkono nyuma. Alikuwa amechelewa.