Jina Alilolitunza Mukunde

Katika ukoo wao kila mtu anajua kwamba Mukunde ana jina la mtoto ambaye hajazaliwa. Jina lenyewe ni Ineza. Katika kila sherehe ya kumpa mtoto jina, wageni wanapotaja majina yao ili baba achague, Mukunde hutoa jina jingine, zuri tu, na Ineza hulimeza. Miaka yote ya ndoa yake amelimeza.

Safari hii mtoto alikuwa wa mdogo wake wa kike, Kanyange, kule Kanombe, ambako ndege zikishuka mazungumzo husimama. Na Kanyange, ambaye mdomo wake hauna breki, alikwisha kumwambia kwenye simu, "Dada, kama wewe hulitumii, nipe mimi Ineza." Mukunde alicheka. Alipokata simu alilia hadi macho yakavimba, maana kulitoa jina lile kulikuwa sawa na kukiri kwamba hatazaa.

Wiki hiyohiyo daktari alikuwa ameyapa maumivu yake jina pia: endometriosis. Alimweleza kwamba tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba humea nje yake, na kila mwezi huvimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea. Ndiyo iliyokuwa ikimlaza kila hedhi tangu shuleni, na kumuumiza chooni na hata kitandani na mumewe. Chanzo chake bado hakijulikani barabara, daktari alisema, ila mara nyingi hufuata ukoo. Kuhusu mtoto hakumwahidi kitu, wala hakumkatisha tamaa: wengi huzaa, na upasuaji huwasaidia baadhi.

Siku ya sherehe, watoto walipokuwa wakimalizia chakula chao uani, Mukunde aliona Kirezi hayupo. Kirezi ndiye binti mkubwa wa Kanyange, bado mwanafunzi. Alimkuta chumbani amejikunja, chupa ya maji ya moto tumboni, jasho linamtoka. Mama yake Mukunde, Mukabalisa, alikuwa akimpapasa mjukuu wake mgongo.

"Ihangane, mwana wangu, vumilia. Iko kawaida ya wanawake. Ukizaa itaisha."

Maneno yaleyale! Mukunde aliambiwa hivyo alipokuwa na umri wa Kirezi, kwa sauti hiyohiyo. Hasira zikampanda.

"Na asiyezaa je, Mama? Mimi hiyo dawa yako nimeingoja mpaka nimechoka."

Ndege ikapita juu ya bati. Mama akangoja itulie.

"Haikuisha," alisema mwishowe. "Nimewazaa nyinyi wawili, haikuisha. Mama yangu aliniambia hivyo, na mimi nikawaambia."

Mukunde akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika Kirezi mkono. "Jumatatu tunakwenda kwa daktari wangu, mimi na wewe."

Kanyange alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wake. Alikuwa amesikia yote.

Huko uani zamu ya Mukunde ilipofika, Kanyange mwenyewe alimpakatisha mtoto. Alikuwa mzito, wa moto, na akamkamata kidole mama yake mkubwa asikiachie. Mukunde alimtamani. Alimtamani huyu, na zaidi yule wake ambaye hajawahi kumwona. Jina lilikuwa mdomoni kabisa, na mtoto alilistahili.

"Keza," akasema.

Watu wakapiga makofi. Kanyange akainama kumchukua mwanawe, akamnong'oneza dada yake sikioni:

"Asante kwa kuninyima."